Jiwe Lililokuja

Darasani naingia na kasha la mbao lenye mawe. Nimefundisha jiografia hapa Tukuyu muda mrefu kiasi kwamba niliwafundisha wazazi na sasa nawafundisha watoto wao, na wote wanalikumbuka kasha kuliko wanavyonikumbuka mimi. Mna jiwe jeusi zito nililookota Kyimo barabara ilipokatwa. Mna jiwe jepesi lenye vitundu, linaloelea ukilitupa kwenye ndoo ya maji, ambalo kila mwanamke wa Rungwe amelisugulia visigino. Mna jiwe la kijivu lenye chembe nyeupe zinazometa. Na mna kigae cha chungu, cheusi upande mmoja, kipana kama kiganja. Kigae hicho ndicho kilichopaswa kuniokolea mama yangu, na nilikuwa nacho mkononi miaka yote sita.

Mama alikaa upande wa Lupepo, kwenye mteremko wa kupanda umeshika magoti. Kulikuwa na migomba juu ya nyumba na migomba chini ya nyumba, na nyuma ya uwanja lilikaa jiwe. Lilikuwa kubwa kama chumba cha kulala, na baba akinyoosha mkono hakufikia kichwa chake. Tulilianikia maharage na nguo, na utotoni tuliteleza juu yake mpaka likafanya njia laini kama sahani. Mama alisema jiwe hilo lilikuja. Alipoolewa alilikuta pale, lakini mama mkwe wake ndivyo alivyomwambia, naye aliambiwa hivyo na mama mkwe wake: halikuwepo, likaja.

"Lilitoka wapi?" nilimwuliza nikiwa mdogo.

"Juu."

"Lilikuja lini?"

"Zamani. Katafute kuni."

Mama huyohuyo alisema ukilinyooshea kidole boga changa linaoza, na kwamba radi ikianza ufunike kioo. Nilipokwenda chuo nikayatia yote kapu moja. Nilirudi nikijua kwamba mawe hayaji. Mwamba upo, ndiyo mifupa ya nchi, na udongo ndio unaokuja na kuondoka juu yake. Nilimweleza hivyo mara nyingi kwa sauti ile ya kufundishia, naye alinisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, huku akimenya ndizi.

Baba alifariki miaka sita iliyopita. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, karibu na mlango wake na migomba yake, na mahali palipofaa palikuwa ubavuni mwa jiwe. Wanawake hawaendi wanaume wanapochimba, lakini mwalimu husamehewa mengi. Niliinuka kwenye mkeka nikaenda kusimama ukingoni. Niseme ukweli, nilikwenda kwa sababu ya huzuni, nikabaki kwa sababu ya matabaka.

Juu palikuwa na udongo mweusi wa migomba, kina cha goti. Chini yake yalikuja mawe yale mepesi, madogo kama punje za mahindi, yaliyorushwa mlima ulipolipuka kabla ya babu wa babu zetu. Chini zaidi ulikuwa udongo wa manjano, mzito, uliong'ang'ania majembe. Kanuni yake ni rahisi. Kilicho chini kilitangulia, kilicho juu kilifuata. Mtoto wa darasa la pili anaielewa ukimwonyesha vyombo vichafu kwenye beseni: sahani ya chini ndiyo iliyotumika kwanza. Nilisimama pale naisoma nchi huku baba amelala ndani akingoja, na nikajisikia vizuri kidogo, kama mtu aliyekutana na rafiki msibani.

Kisha mchimbaji mmoja, aliyekuwa akichimba upande wa jiwe, akasimamisha sururu.

"Mwalimu, jiwe limeishia hapa."

"Limeisha vipi?"

"Limeisha. Chini ya tumbo lake ni udongo mtupu. Tena mweusi." Akaingiza mkono chini ya jiwe akatoa mkaa, na pamoja na mkaa kigae.

Nilichuchumaa nikatazama. Alikuwa amesema kweli. Jiwe lilijikunja kwa ndani kama mtungi, na chini yake ulionekana udongo uleule wa migomba, mweusi, unaomong'onyoka. Wasioijua kazi yangu hudhani kosa letu ni kukosa maelezo. Kosa letu ni kuwa na maelezo mengi mno. Yangu yalikuwa tayari kabla sijasimama.

"Huo ni ukingo tu," nikamwambia. "Mwamba unaendelea ndani. Maji yamesukuma udongo yakaujaza uwazi."

"Sawa, mwalimu," akasema, akanipa kigae, akaendelea kuchimba.

Nikakitia kwenye kasha. Miaka sita nimekipitisha darasani kutoka dawati hadi dawati, nikiuliza: kipi kilitangulia, chungu hiki au mawe mepesi? Wanafunzi hujibu, mawe mepesi, kwa sababu chungu kilikuwa juu yake. Vizuri sana, kaa. Swali lililofuata, kipi kilitangulia, chungu au lile jiwe kubwa lililokuwa juu ya chungu, sikuliuliza hata siku moja. Mganga hajigangi, wanasema, lakini mimi sikujua hata kwamba naumwa.

Mwaka uliofuata msiba wa baba nilimjengea mama nyumba. Ile ya zamani ilikuwa imechoka, bati limetoboka, ukuta unaachia udongo. Nilichagua mahali mwenyewe: chini kidogo ya jiwe, msingi wa nyuma ukikanyaga mguu wake. Nilimweleza fundi kwamba mlima ukileta udongo, utakutana na jiwe kwanza. Jiko tukalijengea kwenye jiwe lenyewe, kuta tatu za tofali, na ukuta wa nne ni jiwe. Mama alilipenda jiko lile kupita nyumba nzima. Jiwe lilishika joto la moto, na asubuhi za Juni, baridi ikiwa inauma, alikaa ameliegemezea mgongo. Siku ya kuibariki nyumba, mchungaji alihubiri juu ya mtu mwenye busara aliyejenga juu ya mwamba, na watu wakanigeukia wakitabasamu. Nami nikatabasamu. Nilidhani nimestahili.

Huku kwetu mvua si habari. Nguo hukauka jikoni, watoto huzaliwa na mvua na kuoa na mvua. Lakini masika ya mwaka huu ilipita kiasi. Ilinyesha wiki baada ya wiki bila kupumzika, mpaka ndizi zikaanza kupasuka mtini. Mama alinipigia simu.

"Njoo uangalie," akasema. "Ardhi imefunguka."

Tulizungumza Kinyakyusa siku zote, mimi na yeye. Maneno ninayoyaandika hapa ni Kiswahili changu, na kila ninapoyasoma naona yamepungua.

Nilikwenda Jumamosi kwa bodaboda, na sehemu ya mwisho kwa miguu, viatu mkononi. Juu ya jiwe, kati ya migomba, kulikuwa na ufa. Ulikuwa umejipinda kama mwezi mchanga, ncha zake zikielekea bondeni, na kiganja changu kilizama ndani yake mpaka kwenye kifundo. Migomba ya chini ya ufa ilikuwa imelala upande mmoja yote. Mlango wa choo ulikuwa haufungi tena. Ningekuwa ubaoni, ningevichora vitu hivyo kimojakimoja na kuandika pembeni: dalili za mteremko kutaka kuondoka. Ninavichora kila mwaka. Ninaeleza kwamba zile chembe nyeupe zinazometa kwenye jiwe la kijivu, zikikaa na maji muda mrefu, huoza na kugeuka udongo wa manjano. Ninaeleza kwamba maji hupita kwenye mawe mepesi kama chai kwenye chujio, yakifika kwenye ule udongo hukwama, na udongo ukishiba hauna tena urafiki na kilicho juu yake.

Nikasimama pale, na kila dalili nikaitafutia sababu nyingine. Migomba mizizi yake mifupi, upepo umeilaza. Choo fundi alikijenga vibaya. Ufa ni udongo wa juu tu, utateleza kidogo, utafika kwenye jiwe, utakoma.

Mama alinifuata nyuma, khanga amejifunika kichwani.

"Mdogo wako amesema nikakae kwake Isongole mpaka mvua iishe," akasema. "Amesema nikuulize wewe. Ukisema nihame, anakuja na pikipiki leoleo."

Mdogo wangu analima viazi Isongole, mahali pa tambarare. Alikuwa na chumba. Mama alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake, niliviona baadaye mlangoni: fuko la nguo, sufuria mbili, na picha ya baba imeviringishwa katika taulo. Watu wakisimulia habari za namna hii husema mzee alikataa kuhama, kang'ang'ania makaburi. Mama yangu hakung'ang'ania kitu. Alitaka kuondoka. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Alikuwa anangoja ruhusa yangu tu.

"Mama, upo juu ya mwamba," nikasema. "Hakuna mahali pa salama Lupepo nzima kuliko jikoni kwako."

Alilitazama jiwe. "Na chini yake kuna nini?"

"Chini ya mwamba kuna mwamba."

"Umeangalia?"

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, na zinapanda hasa ninapoulizwa kitu ambacho sijakifanya. Nilimwambia nimesoma miaka mingapi. Nilimwambia watu wangapi wamepita mikononi mwangu wakawa wahandisi. Sikumwambia kilichokuwa moyoni, kwamba nyumba ile niliijenga mimi, mahali nilipachagua mimi, na mtu akiikimbia ni kama amenisimamisha mbele ya kanisa zima na kuniambia kaa chini. Ndicho kilichonifunga macho. Elimu niliyokuwa nayo ilitosha kumwokoa.

Alifikiri kidogo. "Ndaga fijo," akasema, akanishukuru hivyo kwa moyo wote, akaingia ndani kufungua fuko lake la nguo. Uso wake ulikuwa umepata nafuu. Nilimpa mimi nafuu ile.

Nikiteremka, jirani yake alinisimamisha. Ni mjane, Mwislamu, ananunua ndizi mashambani na kuzipakia kwenye magari ya Mbeya, na mlango wake ulitazamana na wa mama.

"Mwalimu, mimi sijasoma," akasema. "Lakini maji ya chemchemi yamekuwa kama chai ya maziwa. Huo udongo yanautoa wapi?"

"Ni mvua, mama."

"Mvua ilinyesha mwaka jana pia. Maji hayakubadilika."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Alinishukuru, na Jumatatu akahamia Kyimo kwa bintiye na mikungu yake yote ya ndizi. Mama alinipigia kunisimulia, tukacheka. Tulicheka sana, mimi na mama, juu ya mwanamke aliyekimbia maji machafu.

Alhamisi jua lilitoka. Watu walianika magodoro. Nilikuwa nasimamia mtihani wa kidato cha tatu, madirisha yote wazi, na nakumbuka niliwaza kwamba mama ataanika maharage kwenye jiwe. Watu wengi hudhani hatari huondoka na mvua. Maji ya juu huondoka, lakini ya ndani huendelea kushuka polepole siku kadhaa, na hilo nalo nilikuwa nalijua. Saa tano kasoro simu ilitetemeka mezani. Alikuwa yule mjane, anapiga kutoka Kyimo, amepigiwa na watu waliokuwa shambani.

"Mwalimu, kaa kwanza," akasema.

Nilifika nikakuta kijiji kizima kinachimba. Mteremko ulikuwa umeondoka kuanzia kwenye ufa hadi kwenye kijito, na pale palipokuwa migomba palikuwa pekundu na manjano, panang'aa kwa maji kama nyama. Sikuona nyumba. Niliona bati moja limekunjwa. Na jiwe halikuwa mahali pake. Lilikuwa chini, mbali, karibu na kijito, limelala chali, na ile njia yetu ya kuteleza ilikuwa imezikwa.

Mama alipatikana saa tisa, mahali palipokuwa jiko. Alikuwa na upawa mkononi. Waliomtoa walimfunika haraka na hawakutaka nimwone, nami kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikung'ang'ania kuona. Mdogo wangu alikuja kutoka Isongole na pikipiki ileile ambayo angemchukulia. Hakunilaumu. Alinishika mabega akasema, "Dada, usingejua." Afadhali angenipiga. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mama yangu alisikia la mkuu. Mkuu alikuwa mimi.

Asubuhi yake niliondoka kwenye turubai la msiba nikapanda peke yangu hadi mahali jiwe lilipokuwa limekaa zamani. Mbele, udongo ulikuwa umekatika kama mkate na kuondoka. Ndipo jiwe lilipokosa pa kusimama likapinduka. Lakini kwa nyuma, kipande cha mahali jiwe lilipolalia kilikuwa kimebaki, kipana kama mkeka wa kuswalia. Palikuwa pakavu. Palikuwa na udongo mweusi, umegandamizwa ukawa mgumu kama sakafu. Na juu ya udongo huo mawe mawili madogo yalisimama yakitazamana, yameungua, na katikati yake majivu.

Nilijua ninachokiona. Kila mwanamke angejua. Yalikuwa mafiga. La tatu lilikuwa limeondoka na udongo.

Nilikaa chini kwenye tope. Palikuwa jiko la mtu. Jiwe lilipokuja, kwa sababu kweli lilikuja, lilitoka juu kama mama alivyosema, lilikuta mwanamke amepanga mafiga yake matatu na kuinjika chungu. Pengine alikuwa mtoni, akarudi akakuta jiwe. Pengine hakuwa mtoni. Walionusurika walisema halikuwepo, likaja, wakampa mkwe wao maneno hayo, naye akampa wake, mpaka yakanifikia mimi, nami nikayatia kapu moja na habari za maboga. Na kipande cha chungu chake nilikuwa nacho. Nilikipitisha darasani.

Nilisikia wakiniita. Wachimbaji walikuwa wamekusanyika chini pamoja na mdogo wangu, na hawakujua pa kuanzia. Mama alitakiwa alale karibu na baba. Lakini saruji ya kaburi la baba ilikuwa imeshuka na udongo hatua kama thelathini, nzima, haina hata ufa, imesimama kwenye mabaki ya migomba kana kwamba ilijengewa pale. Hakuna aliyeweza kusema kama baba alikuwa chini yake, au alibaki juu, au alikuwa mahali fulani katikati. Jua lilikuwa linapanda, na mawingu yalikuwa yanarudi juu ya mlima.

Mchimbaji wa miaka sita iliyopita alikuwapo, na sururu ileile. Alinivulia kofia.

"Mwalimu," akasema, "tuchimbe wapi? Wewe ndiye unayeijua ardhi."

Hakuwa ananikejeli. Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli na sikuipata. Wote walikuwa wamenigeukia, kama siku ile ya kubariki nyumba, wakingoja ninyooshe mkono. Ningenyoosha upande wowote wangechimba. Niliogopa watu wale kuliko nilivyouogopa mlima.

"Sijui," nikasema.

Walidhani ni majonzi. Mmoja akaniletea stuli nikae, wengine wakaegemea majembe wakisubiri nipate nguvu, na mchimbaji akaniuliza tena, kwa upole zaidi.